Pamba Iliyokataa Kuota

Uliangalia vidole vya miguu yako. Usikatae, nilikuona. Asubuhi ile walipomlaza Abdallah kifudifudi chini ya bendera, ghafla vidole vyako vikawa na maana kuliko mgongo wa jirani. Mmoja alikohoa. Mwingine alikumbuka kuwa jino linamuuma. Sisi Wakristo wa kijiji cha Wamaza tulijipanga safu nzuri, rozari shingoni, tukatazama kila kitu isipokuwa fimbo. Basi leo utatazama. Nitakushika kidevu.

Nianze na katekista André, maana ndiye aliyechemsha mbegu.

Huyu ndiye aliyewabatiza watoto wako walipozidiwa na homa, padri akiwa mbali. Mwaka jana pamba ilimla binti yake. Nasema ilimla, wala sitafuti neno laini. Wazungu wanapigana huko kwao, wanataka pamba. Kapita Ismaël, msimamizi wao wa pamba, akaja na kamba yake, akapima shamba la Régina, mke wa André, ule udongo mweusi wa kando ya kijito, akang'oa mihogo michanga, akasema hapa ni pamba. Mihogo iliyobaki mlimani ikamalizwa na nguruwe mwitu. Safi, binti huyo, alikuwa na miaka minne. Miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu kama nyasi za kiangazi. Alikufa mchana kweupe, mama yake akipalilia pamba, kwa kuwa ruhusa alinyimwa.

André alimzika, akasoma sala zote bila kuruka neno. Tangu siku hiyo hakusali tena. Jumapili alisimama mbele yetu akatamka yanayotamkwa, lakini ndani alikuwa chungu kilichopasuka: ukimimina, hakikai kitu.

"Mtoto alilia siku tisa," Régina alimwambia. "Mungu wako, masikio yake iko ya nini?"

"Sijui, mama Safi."

"Katekista hajui! Basi ajue nani, kapita?"

Mvua zilipokaribia, magunia ya mbegu yaliletwa nyumbani kwa André, kwa sababu ndiye aliyejua kusoma orodha na kugawa. Siku tatu yeye na mkewe walichemsha mbegu zote katika chungu kikubwa cha sikukuu ya Pasaka, wakazianika mikekani mpaka zikakauka, wakatugawia. Alidhani pamba isipoota popote, Wazungu watasema udongo wa Wamaza umeikataa, wataenda zao. Kuna vijiji vilivyofanya hivyo vikapumua. Kosa lake lilikuwa moja: alituchemshia sote bila kumuuliza hata mmoja wetu. Aliweka rehani migongo isiyo yake.

Tukapanda. Tukangoja. Ardhi ikanyamaza.

Agronomu, Mzungu wa kilimo, akaja na askari wanne. Shamba la kwanza njiani lilikuwa la Abdallah, yule Mwislamu aliyehamia kwetu kutoka Nyangwe, kulikokuwa soko la watumwa zamani. Mzungu akachimbua mbegu, akaipasua kwa kucha. Ndani ilikuwa ya kahawia, laini kama haragwe.

"Hii imepikwa," akasema. "Mutu gani alipika?"

Abdallah akacheka, maskini, kwa mshangao tu. "Bwana, mutu atapika pamba? Atakula na mboga gani?"

Kicheko kile kilimponza. "Iko huyu, Bwana," kapita akadakia. "Hawa watu wa Nyangwe vichwa vyao mawe. Babu yake aliuza watu, yeye anatuuzia maneno."

Kesho yake, bendera. Fimbo ya ngozi ya kiboko, iliyosokotwa, kingo zake kali kama msumeno. Pigo la kwanza liliacha mstari mweupe, kisha mstari ukafunguka. La pili likapita juu ya la kwanza. La tatu likarusha damu kwenye kaptula ya askari, naye akaifuta kwa kidole gumba kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi. Abdallah alimwita mama yake, aliyekufa zamani.

"Sema nani!"

"Sijui! Wallahi sijui!"

André alisimama hatua sita kutoka pale. Aliniambia mwenyewe baadaye, kabla hawajamchukua, midomo imevimba, kwamba dakika ile alikuwa akisali, mara ya kwanza tangu kaburi la Safi, na sala yenyewe ilikuwa neno moja: nifiche. Miezi minane alimshitaki Mungu kwa kunyamaza mtoto akilia. Sasa mtu analia hatua sita, na anayenyamaza ni yeye. Hakuona nuru. Hakusikia sauti. Aliona tu kwamba kama Mungu yupo asubuhi ile, hayupo katika safu yetu ya rozari. Yuko pale chini, tumbo vumbini, amevuliwa nguo kama alivyovuliwa zamani. Anayemtaka amfuate huko.

Akavua shati, akalikunja vizuri, akampa Régina.

"Muache huyo. Ni miye nilipika. Zote."

"Katekista!" kapita akafoka. "Wewe unayetufundisha usiibe!"

"Ninafundisha na usiue. Ile hukuisikia, Ismaël?"

Sheria inasema mapigo manane. Nilihesabu ishirini na sita, kisha hesabu ikanishinda. Jino lake lilivunjikia juu ya jiwe. Mgongo haukuwa mgongo tena. Ulikuwa kitu cha buchani. Walipochoka wakaenda kunywa maji. Abdallah, aliyekuwa na haki ya kumtemea mate, akatambaa mpaka kichwani pake.

"Ulinipikia na miye. Bila kuniambia."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Tutagombana ukipona. Sasa sema ile ya kwenu. Miye nitasema ya kwetu."

"Baba yetu," André akaanza, na damu ikatoka pamoja na neno. Aliimaliza. Haikuwa ile sauti ya Jumapili. Ilikuwa ndogo, yenye mchanga. Lakini safari hii, alisema, palikuwa na anayesikiliza. Mimi sina la kuongeza.

Wakampeleka gereza la Kasongo, kamba shingoni. Msimu wa pamba ulikuwa umepita. Tukapanda mahindi katika udongo mweusi. Watoto wako wanayala sasa hivi, mabichi, ya kuchoma. Unajua wanakula mgongo wa nani?

Juzi habari ilifika: asipomtaja aliyemsaidia, watamhamishia kambi ya mbali, kule wasikorudi watu. Hajataja. Régina akafunga mzigo.

"Nilichochea moto kwa mikono yangu. Nitamwambia Mzungu usoni."

"Watakuchapa, mama Safi."

"Mutoto wangu alikufa niko shambani kwao. Mume wangu hatakufa niko nyumbani kwangu."

"Na Mungu?" nikamuuliza.

"Iko mbele, njiani. Nitamfikia."

Ameondoka asubuhi hii, na Abdallah nyuma yake na mkongojo. Watu wawili! Nyumba sitini zilipanda mbegu zile, na wewe umekaa kizingitini unasoma karatasi. Itupe. Inuka. Tia mahindi mfukoni, mwamshe mkeo, mwite jirani, wakimbilieni kabla hawajavuka mto Luama. Na mkifika mbele ya Mzungu, usingoje kuulizwa. Taja jina lako.