Mfupa wa Kuazima

Jumatano, tarehe 13 Machi 2013. Tangu alfajiri upepo wa jangwani ulikuwa umeujaza mji vumbi, na kwenye benchi la daktari wa mahakama wanawake wote walikuwa wamejifunika nyuso, hata wasiozoea. Rawhiya aliona ni afadhali.

Ami yake, Abdelmoti, hakuwahi kumwandikisha bintiye Nawara alipozaliwa. Sasa Nawara ameposwa, na msajili wa ndoa anataka karatasi ya daktari kwamba ametimiza miaka kumi na minane. Nawara ana kumi na minne. Rawhiya ana ishirini na mitatu, ameachwa, na huu ni mwaka wa pili analala na kula kwa ami. Asubuhi, wakinywa chai, ami hakumgombeza. Alisema tu kwamba nyumba ni ndogo na jamaa husaidiana.

"Nawara Abdelmoti," sauti iliita.

Rawhiya akasimama.

Mpiga picha za eksirei alimlaza kiganja cha kushoto juu ya sahani baridi. Akavitazama vile vidole vilivyochubuliwa na sabuni.

"Wewe ndiye bibi harusi?"

"Ndiye mimi."

"Bila hina?"

Rawhiya akavikunja vidole.

"Haya, usitikisike. Mfupa hausemi uongo, dada. Waongo ni wenye mifupa yao." Akacheka peke yake, akabonyeza.

Daktari hakuinua macho. Aliandika kwamba mifupa imekwisha kufunga, mwenye mkono ametimiza kumi na minane, akagonga muhuri.

Adhuhuri Rawhiya alitawadha. Mkono wa kushoto aliuosha mara tatu, kisha ya nne, kisha ya saba, ingawa alijua sunna ni tatu. Aliposujudu, kiganja kilikuwa pale pale, kando ya uso wake.

Alasiri wakakusanyika sebuleni. Nawara, hina mbichi mikononi, akamnong'oneza, "Dada, eti nimepigwa picha ya mkono. Lini?"

Rawhiya akamweka sawa mtandio.

Msajili aliisoma karatasi, akauliza kama kuna mwenye neno. Ami alimtazama Rawhiya. Rawhiya akaukalia mkono wake.

Bwana harusi, Haji Bayumi, mjane wa miaka arobaini na tisa, akainuka. Akawageukia mashahidi wawili, machozi yakimlengalenga.

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema. "Mtoto huyu nitamlea kama binti yangu mwenyewe."