Mstari Ambao Haukuwemo

Shangazi alinijia karakanani Alhamisi asubuhi, kabla hata sijafungua dirisha la pili. Aliweka mezani Biblia yake iliyochakaa, na juu yake karatasi kumi na mbili zilizofungwa kwa utepe.

"Hizi zishone humo ndani," akasema. "Huko mwishoni, baada ya barua za mitume. Zionekane zilizaliwa humo."

Kazi yangu ni kujalidi vitabu, na nimeshaombwa mengi. Mwanasheria mmoja aliwahi kutaka kurasa tatu zipotee kwa bahati mbaya. Lakini kuongeza Maandiko hakuna aliyewahi kuniomba.

Karatasi zile zilikuwa barua ya mzee wa kanisa la kale, aliyewaandikia Wakristo wa mji mwingine waliowaondoa viongozi wao bila kosa. Shangazi aliwasomea akina mama wa darasa lake la Biblia, wakaipenda. Baba yangu, ambaye ni kaka yake na pia mwenyekiti wa wazee wa kanisa, hakuipenda hata kidogo. Akampa hadi Jumapili: ama barua itoke darasani, ama darasa alilolifundisha miaka thelathini apewe mtu mwingine.

"Anasema haimo Kitabuni," Shangazi akasema. "Basi iwemo."

"Shangazi, huko ni kumpaka Baba mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ana ngozi ngumu yule. Hatahisi."

Nilicheka, lakini swali lilikuwa limeshaniingia, na mimi swali likiniingia halitoki bila jibu. "Kwani nani aliamua kipi kiingie na kipi kibaki nje?"

"Hakuna aliyeamua kwa siku moja, mwanangu. Makanisa yalisoma, yakanakili, yakapelekeana. Watu wakauliza: huyu alimwona Bwana? Kama hakumwona, alifundishwa na nani? Zipo zilizobishaniwa miaka na miaka, mwishowe zikaingia. Hii ilisomwa kwa heshima sehemu kadhaa, halafu ikabaki mlangoni."

"Kwa nini?"

"Ndilo ninalotaka kulijua kabla sijafa," akasema, akaondoka.

Kabla ya kushona, fundi hukagua kwanza mpangilio wa kurasa, maana gundi ikishakauka, majuto ni mjukuu. Sehemu ya mwisho ya Biblia ya Shangazi iliwahi kuliwa na mchwa, na mahali pake palikuwa na karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono, wino umefifia. Nikachukua rafuni Biblia ya mteja mwingine, nikalinganisha mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye ile barua fupi inayosifu kuwapokea wageni, kidole kikakwama. Mstari mmoja ulikuwa kwenye zile karatasi za mkono tu. Nikachukua Biblia ya pili, nayo haikuwa nao.

"Wapokeeni wanaorudi kabla hamjawauliza walikokuwa."

Mstari huo nilikuwa naujua. Miaka tisa iliyopita nilirudi nyumbani na mimba ya miezi saba, baada ya kuondoka kwa matusi nikimfuata mtu ambaye leo simtaji. Baba alikuwa amefunga mlango kwa komeo. Shangazi alisimama nami barazani, akausema mstari ule kwa sauti, akamalizia, "Imeandikwa, kaka." Komeo likavutwa. Baba yangu ana ubishi wa kila aina, ila hapingi kilichoandikwa.

Bado naishi kwake, na mwanangu analala chumba cha pili. Niliogopa, wala sioni haya kusema. Wazo la kwanza lilikuwa kushona haraka na kufunga mdomo. Nikaufunga siku mbili, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo.

Jumamosi Shangazi alipokuja, nikashindwa. Nikamwekea vitabu vyote vitatu mbele yake. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akarudia.

"Huu mwandiko ni wangu," akasema hatimaye. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mwalimu wangu aliazima Biblia, yeye akasoma, mimi nikaandika. Alikuwa na tabia ya kusimama katikati, aseme neno lake, kisha aendelee." Akavua miwani. "Hapo sikujua kama anasoma au anasema."

"Na hukuwahi kulinganisha?"

"Maneno ya mwalimu wangu? Wewe umewahi kuhesabu vidole vya mama yako?"

Tulikuwa bado tumeinamia meza Baba alipopiga hodi akiwa ameshaingia. Alikuja kuhakikisha hatuli njama. Mkono wangu ulitaka kuufunika ukurasa, lakini Shangazi akauinua mwenyewe.

"Kaka, ule mstari niliokuambia umeandikwa, niliuandika mimi. Mtume hakuusema. Naomba radhi. Darasa mpe umtakaye. Mtu asiyejua mtume ameishia wapi na mwalimu wake ameanzia wapi, atamfundisha nani?"

Baba hakuutazama ukurasa. Alikuwa anachezea donge la uzi mezani kwangu.

"Najua haumo," akasema. "Niliutafuta kesho yake asubuhi. Nikautafuta wiki nzima, nikaenda hadi kwa mchungaji kumwuliza kwa kuzunguka. Ndiyo maana naziogopa karatasi zako. Najua neno zuri linavyojipenyeza."

Shangazi alikaa kwenye kigoda changu.

"Barua wasomee," Baba akaendelea. "Lakini waambie imeandikwa na nani, na kwamba si mtume. Wana akili, watapima wenyewe."

"Na huu mstari?"

"Waambie ni wa mwalimu wako."

Nikafungua utepe, nikaanza kukata jalada dogo la barua, ikae peke yake kwa jina la mwandishi wake. Baba alikuwa ameshafika mlangoni.

"Baba," nikasema, "ulijua miaka yote hii. Mbona hukunirudisha nje?"

Alishika kitasa, akafikiri.

"Nilikuwa nimeshafungua," akasema. "Na nilipoukosa, sikuona sababu ya kufunga."