Weusi Usiopitisha Jua

Asubuhi ile mshale wa chupa ya hewa ulikuwa umeingia kwenye rangi nyekundu, na mume wangu Oguttu alipumua kwa mdomo wazi kama kuku aliyekimbizwa. Jana yake radi ilipiga hapa Lunyo. Umeme ulirudi, lakini mashine yake ya kumpa oksijeni haikurudi, tukabaki na chupa ya akiba. Gari la wagonjwa tulishaliita. Walisema lipo njiani kutoka Tororo, tuvumilie.

Mjukuu wetu Dorah hakuvumilia. Yeye hutengeneza redio na simu pale Busia. Aliifungua mashine akakuta ubao mdogo umeungua, ule unaoamuru vali mbili zifunguke kwa zamu.

"Kukhu, huu naweza kuutengeneza mwingine," akaniambia mimi bibi yake. "Vipuri ninavyo."

Akachora njia za umeme kwenye kompyuta. Patroba, mwenye duka la kuchapisha upande wa Kenya, akazileta kwa pikipiki, zimechapwa kwa wino mweusi kwenye plastiki angavu, nakala mbili. Plastiki hiyo hulazwa juu ya ubao wa shaba uliopakwa dawa, vikaanikwa juani chini ya kioo. Penye weusi shaba hubaki. Jua likipenya, dawa hiyo huharibika, na shaba huliwa kwenye beseni la dawa nyingine.

Ubao wa kwanza ulitoka kwenye beseni la dawa mistari imekatikakatika, utadhani mchwa wamepita. Dorah aliutazama, akauweka kando. Alikuwa amebakiwa na ubao mmoja tu.

"Labda niliuacha juani sana," akasema. "Huu nitapunguza dakika."

"Ngoja kwanza. Nipe hiyo plastiki."

Tangu nilipoolewa napima mayai kwa mwanga kabla ya kumlaza kuku ayaatamie. Nikafunga mlango, nikaacha upenyo mmoja wa jua, nikaishika plastiki pale kama ninavyoshika yai. Ule wino uliokuwa mzito mezani ukageuka kahawia, na ndani yake vitundu, vidogo kuliko ncha ya sindano.

"Mama, hiyo ni nyeusi kuliko sufuria yako!" Patroba akacheka.

"Sufuria yangu haionyeshi jua, mwanangu."

Akasogea kutazama. Hakucheka tena.

Nikawaambia walaze nakala zote mbili, moja juu ya nyingine. Dorah alipozilaza, mistari ikawa inapishana. Nikachukua pini zangu za kushonea, nikazichomeka pembeni mpaka mistari ikakaa sawa, naye akabandika selotepu. Tukapima tena kwenye upenyo. Giza tupu.

Tukaanika. Wingu likapita juu yetu, Dorah akaacha kuhesabu, akasubiri, akaendelea kwa kunong'ona. Ndani Oguttu akakohoa, kisha sikumsikia. Nilitaka kwenda nikaogopa nitakachokikuta. Nilibaki nimekandamiza kioo kisisogee, nikiomba ovyo ovyo, hata maneno ya Baba Yetu yakanipotea. Akakohoa tena.

Safari hii mistari ilitoka mizima. Dorah akatoboa matundu, akachomelea vipuri kimoja kimoja, jasho likimdondokea puani. Alipochomeka waya ukutani, mshale wa chupa ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Mashine ikanguruma. Tak, vali ya kwanza.

Kisha kimya.

Midomo ya Oguttu ilikuwa na rangi ya majivu.

Tak.

Dorah akaketi sakafuni. Tak, tak, zikapokezana. Baada ya muda mrefu Oguttu akafungua jicho moja, akaniuliza.

"Nasirumbi, mbona unanikodolea macho hivyo? Mimi si yai."

Patroba alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilikaa na mkono juu ya ile mashine mpaka gari lilipofika, nikihesabu kila tak, nikiogopa ile inayofuata isije ikakosa kuja.