Watu Arobaini wa Kukaa Bure

Tangu Bangwe iwe Bangwe, hakuna mtu mzima aliyewahi kuketi mchana kweupe bila kitu mkononi. Ukikaa, unachambua dagaa. Ukisimama, una unakokwenda. Sasa Clementina alikuwa ameahidi, kwa saini yake mwenyewe, kwamba atapata watu arobaini wa kukaa bure.

Chanzo ni miti. Marehemu mumewe, Gervasi, aliipanda kwenye kilima kinachoshukia ziwani, ardhi ya mtaa, bila kumuuliza mtu. Ikakua, ikashika udongo, na masika yakaacha kumwaga tope kwenye mchanga ambako akina mama huanika dagaa. Lakini Adolf, mchoma matofali, alikuwa akiiangalia ile miti kama paka anavyoangalia samaki mgebuka, na mwenyekiti wa mtaa alikwisha kusema: "Mama, kilima kisipopata mradi, namwachia Adolf."

Clementina akatafuta mradi. Akawapata wafadhili wanaotoa ruzuku ya kuhifadhi ardhi na kuwatengenezea wananchi mahali pa kupumzikia. Awamu ya kwanza ikaleta mabenchi sita na njia ya kutembelea, ambayo ilizunguka miti na kukurudisha pale pale ulipoanzia. Watu walikuja kuishangaa.

"Inaenda wapi?"

"Inarudi."

"Si ningebaki tu nyumbani?"

Awamu ya pili ndiyo iliyokuwa na hati ya kukilinda kilima miaka thelathini. Ila fomu ilisema mkaguzi atakuja Jumanne saa nne asubuhi, akute wananchi wasiopungua arobaini wanapumzika. Na chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: mwenye kazi mkononi hahesabiwi.

Jumanne hiyo saa mbili, Clementina alikuwa bado hana hata mmoja. Akaenda kwa jirani yake Winfrida.

"Njoo ukae tu, shoga yangu."

"Nikae nafanya nini?"

"Usifanye kitu."

"Clementina, mimi nina miaka hamsini na tisa, sijawahi. Nikianza leo nitaugua. Nije na beseni langu la dagaa?"

"Dagaa hawaruhusiwi."

"Basi na mimi siruhusiwi."

Clementina akaenda peke yake. Akaketi kwenye benchi, akajifunika kanga kichwani kwa ajili ya jua, akaweka mikono mapajani. Mikono yenyewe ilihangaika kama kuku mgeni. Akalitazama ziwa.

Akapita Veneranda, muuza mawese, na ndoo kichwani.

"Dada, unaenda wapi?"

"Siendi."

"Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Napumzika tu."

Veneranda akashusha ndoo polepole. "Uwii! Yamekuwa makubwa hivyo?" Akafungua kanga ya kiunoni, akajifunika kichwa na yeye, akaketi karibu yake kimya.

Mwenye bodaboda aliyepita chini barabarani akawaona wanawake wawili wamejifunika, hawana kazi mkononi. Hakuuliza, mfiwa haulizwi, utasikia kwa wenzako. Akapeleka habari mwaloni, kunakoshushwa samaki. Saa tatu na nusu mikeka ilikuwa imetandikwa kilima kizima, masufuria yanateremshwa, unga wa muhogo unapimwa. Mzee Mwinshehe wa msikitini na Elikana katekista walifika pamoja, kila mmoja akimpisha mwenzake atangulie kuomba, maana kila mmoja alidhani marehemu ni wa mwenzake.

Clementina akahesabu kwa jicho la pembeni. Arobaini. Sitini. Themanini, mikono mitupu! Kicheko kikambana, akainamisha kichwa. Watu walipoona mabega yanatikisika, wakaangua kilio.

"Kuni je?" mtu akauliza.

"Kuni ziko hapo hapo," akajibu Adolf, ambaye kwa bahati alikuja msibani na shoka. Akapanda kuelekea mitini.

Na hapo ndipo gari la mkaguzi lilipoingia. Bwana Rodgers, mtu wa kuletwa kutoka Dodoma, akashuka na makaratasi yake, akaanza kuhesabu.

Clementina akaona dunia imembana mlangoni. Akisema hakuna msiba, watu watainuka na hati itaondoka nao. Akinyamaza, hati itakuja kulinda visiki.

Ko! Shoka likagonga.

"Adolf! Weka hilo shoka chini!"

"Mama, msiba haupikiwi kwa mate."

"Marehemu ndiye aliyeipanda hiyo miti!"

Elikana akakohoa. "Gervasi? Mama Clementina, Gervasi tulimzika. Miaka kumi na moja sasa. Nilishika kamba mimi mwenyewe."

"Mlimzika nyinyi. Mimi siku ya pili nilikuwa mchangani. Dagaa walikuwa wamejaa, na jua halimngojei mjane. Sikukaa. Leo nimekaa."

Maneno yalitoka kinywani yakiwa uongo, ila yalipofika nusu ya safari akagundua kwamba ni kweli tupu. Machozi yakamshuka bila kuitwa.

"Kweli hakukaa," akasema Veneranda. "Nilimsengenya mimi mwenyewe."

Winfrida, aliyefika mbio bila beseni, akaongeza: "Tulimsengenya wote."

Basi ukawa msiba halali, na hakuna mtu wa Bangwe anayekata mti wa marehemu huku mjane wake yuko mkekani. Adolf akalaza shoka, akaja kuketi. Bwana Rodgers akampigia alama: wa mia na kumi na tatu.

"Nimezunguka miradi mingi," akasema, akifuta miwani. "Kwingine watu wanapumzika kwa kuigiza. Nyinyi mnapumzika kwa moyo."

Hati ikaja, na sharti moja: mapumziko yawe kila mwezi. Haikuwa taabu. Bangwe kumbe ilijaa watu waliozikwa haraka haraka kwa sababu dagaa walikuwa wengi. Clementina akafungua daftari la zamu.

Asubuhi moja Adolf akabisha hodi, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shoka liko wapi?"

"Nimeliacha. Mama, nina baba yangu. Alikufa siku tunawasha tanuri la matofali. Sikukaa."

Clementina akalamba kidole, akapekua daftari taratibu, kama karani wa mjini.

"Novemba ina nafasi. Ila kuni hakuna, waambie ndugu zako waje wameshakula."