Kiwele cha Samo

Mwaka 1957, Micah Kemboi na mkewe Jepkosgei walikuwa wakamuaji katika shamba la Mzungu mmoja karibu na Elmenteita. Ng'ombe walikuwa arobaini, na mwaka huo ugonjwa wa kiwele ulikuwa umeshapitia tisa. Leo chuchu ni nzima, kesho upande mzima umevimba na kuwa mgumu kama jiwe, na maziwa yanatoka na mabonge.

Samo alikuwa wa kumi. Alikuwa ng'ombe mpole mwenye madoadoa, mimba yake ya miezi mitano. Asubuhi moja Micah alipomshika chuchu ya nyuma, Samo alimpiga teke, akamwaga ndoo.

"Simama wewe!" Micah akafoka, akashika tena kwa nguvu zaidi.

Jepkosgei aliacha ng'ombe wake akaja. "Baba Chepkurui, mwache kwanza."

"Nimwache vipi? Uchafu huo lazima utoke."

"Utatoka. Lakini si hivyo." Aliinama akaweka kiganja kwenye kiwele. Kilikuwa kinachoma. "Unakumbuka Chepkurui alipozaliwa, ziwa langu likafanya jipu? Hata nguo ikinigusa nilikuwa nalia. Huyu naye anasikia vilevile, ila hana wa kumwambia."

Micah alikumbuka. Siku hizo alikuwa anatoka nje ya nyumba asimsikie mkewe akilia, kwa sababu hakujua la kufanya. Alisimama, akaenda kuchemsha maji.

Tangu siku hiyo Jepkosgei alimkanda Samo kwa kitambaa cha maji moto, akimkamua kidogo kidogo na kumwaga maziwa hayo shimoni, mbali na zizi. Lakini mwenye shamba alikuwa amechoka kungoja. Alimwambia Micah kwamba Jumamosi Samo angepelekwa kwa mchinjaji.

Alhamisi akaja Obeid, msaidizi wa daktari wa mifugo kutoka Nakuru. Mwezi uliotangulia alikuwa amechukua maziwa ya ng'ombe wagonjwa katika vichupa, yakapelekwa maabara. Sasa alirudi na sanduku la barafu lenye chanjo iliyotengenezwa kutokana na vijidudu vya shamba hilohilo.

"Ni ya kujaribu," aliwaambia. "Siwezi kuwaahidi. Leo tunadunga, na baada ya wiki tatu tunadunga tena."

Kazi ilianza. Micah alishika pembe, Obeid akapangusa ngozi ya shingo kwa spiriti, akadunga. Jepkosgei alisimama ubavuni mwa kila ng'ombe akimsemesha kwa Kikalenjin, polepole, na wengi hawakutikisika. Walipofika kwa Samo, Obeid akampita.

"Na huyu?" Jepkosgei akauliza.

"Mama, huyu ameshaugua. Chanjo ni ya kumkinga mzima. Haiponyi."

"Kwa hiyo ni kisu tu?"

Obeid alimtazama mama huyo, mikono yake imebabuka kwa maji moto. Akachuchumaa, akakibonyeza kiwele kwa vidole viwili. Samo alitetemeka lakini hakupiga teke.

"Nani amekuwa akimkanda?"

"Ni yeye," Micah akajibu. "Kila baada ya saa mbili. Mimi naokota kuni tu."

Obeid alifungua mkoba, akatoa mirija midogo mitatu ya penisilini. "Kila jioni mmoja, ndani ya chuchu, ukishamaliza kumkamua. Upande huo pengine umekufa. Zile nyingine tatu tunaweza kuziokoa." Kisha akapangusa mikono, akaenda kwa mwenye shamba. Walisimama kwenye ua wakizungumza kwa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Amekubali kungoja mpaka Samo azae. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe, na wagonjwa wakamueni mwisho."

Waliosha. Micah, aliyekuwa akicheka mambo ya sabuni, sasa ndiye aliyewakumbusha wakamuaji wenzake. Baada ya wiki tatu Obeid alirudi na sindano ya pili, na msimu wa mvua uliofuata waliugua ng'ombe wawili tu. Kama ni chanjo au ni sabuni, hakuna aliyejua kwa hakika, hata Obeid mwenyewe.

Samo alizaa asubuhi moja ya ukungu, ndama jike. Upande mmoja wa kiwele ulikuwa umenywea, hauna kitu. Jepkosgei alijaribu ile chuchu mara mbili, akaiacha. Akashika ya pili, na maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, yakatoka bila bonge hata moja. Akalia, huku akikamua.

Micah alichuchumaa kando yake. Safari hii hakutoka nje. Alimsogeza ndama taratibu mpaka mdomo wake ukaifikia chuchu, akakishika kichwa chake hapo mpaka akaanza kunyonya.