Kioo Kisicho na Kahawia

Daktari mkuu wa maabara yetu alikuwa ameshatia saini majibu nilipoweka chini ya hadubini kioo chenye kipande cha uvimbe wa shangazi yangu. Jibu lilisema jeni ya kuzuia imekufa. Maana yake shangazi hapewi vidonge vipya, kwa kuwa vidonge vile huitegemea jeni hiyo kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Nilisoma, hasira ikanipanda.

Si kwa sababu ni shangazi. Haya, ni kwa sababu ni shangazi, aliyenilea tangu nina miaka minne. Lakini macho yangu hayana undugu. Jeni ikifanya kazi, rangi yetu huacha doa la kahawia katikati ya seli. Seli za saratani hazikuwa na doa. Seli nzima za pembeni nazo hazikuwa nalo, na hizo hazina ugonjwa wowote. Zikikosa zote, kilichoharibika ni rangi, si jeni. Nikaenda kwenye friji inakotunzwa rangi, chupa haimo. Ilikuwa mezani, imeshinda nje wikendi nzima.

"Daktari, majibu ya Jumatatu yote tuyarudie."

"Ya watu tisa? Yameshatoka! Unataka tuonekane hatujui kazi?"

"Kwani tunaijua?"

Uso ukamkunjamana. "Umekuwa mkali kwa sababu ni ndugu yako. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya nitayazoa mimi, hata kwa kitambaa."

Nikafungua chupa mpya, nikakata vipande vipya vya nyama za wote tisa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hakunisaidia, ila alinipita mara tatu akijifanya anatafuta kalamu.

Kesho yake mchana seli nzima zote zilikuwa na kahawia. Saratani ya shangazi haikuwa na hata tone. Nililia palepale, glavu mikononi. Kisha nikajifuta kwa kiwiko nikaangalia vioo vinane vilivyobaki. Saratani za wagonjwa wawili zilikuwa na kahawia tele; hao vidonge vingewafaa.

Shangazi alikuja mwenyewe ofisini kwa daktari, mkoba kwapani. Nilimweleza yote, rangi iliyoharibika na vipimo tisa tulivyorudia.

"Kwa hiyo vidonge sipati."

"Hupati, shangazi. Kuna dawa nyingine ya dripu, ila ni kali."

"Hata mimi ni mkali." Akaukaza mkoba kwapani. "Na hao wenzangu?"

"Wawili walinyimwa kimakosa."

"Wameshaambiwa?"

Daktari akakohoa. "Tutawaandikia barua, mama. Wiki ijayo, baada ya kikao."

Shangazi akavuta kiti, akaketi mbele ya meza ya daktari.

"Mimi nimeambiwa ukweli. Umeniuma, lakini ni wangu. Hao wawili umewaambia uongo, na wamelala nao. Simu hiyo hapo, piga."

"Mama, kuna utaratibu wa..."

"Daktari, mimi nina saratani. Utanitisha na kikao?"

Daktari akanigeukia mimi, kana kwamba nitamwokoa. Nikamsogezea daftari la namba, nikaweka kidole kwenye ya kwanza. Akapiga.