Upande Uliosikika Kwanza

Anselmo Larrañaga alikuwa na masharti yake, na aliyashika kama wengine wanavyoshika dini. Hakusoma jina la bendi kabla ya kuisikiliza. Hakwenda kuiona ikipiga, wala hakuitafuta mtandaoni, maana sura, alidai, humdanganya msikilizaji. Alisikiliza mara moja, macho amefumba, ndipo akaandika mistari mitatu bila kutaja wimbo hata mmoja, kwenye kijarida chake cha fotokopi alichokiita Sikio la Kushoto. Lile la kulia lilikufa zamani kwa kusimama karibu na spika.

Mchana alikuwa karani wa ofisi ya maji. Lakini pale mjini La Plata, ambako kila gereji ina bendi na kila bendi ina watu kumi na wawili wanaoijua, mama zao wakiwamo, mistari mitatu ya Anselmo ilikuwa hukumu. Watu waliipiga picha kwa simu, na ikifika Jumamosi wapiga gitaa wote wa mji walikuwa wameshaisoma. Mwenyewe hakutafuta ukubwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa anasaka sauti moja tu, ya kumfanya aseme kwamba hakupoteza umri wake bure.

Mwezi wa tatu akaipata.

Ilikuja kwenye kaseti ya bendi mbili, ile desturi ya vijana wasio na kitu: kila bendi inachukua upande wake. Anselmo aliitumbukiza kwenye deki yake kongwe, inayojigeuza yenyewe upande mmoja ukiisha, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke. Haikuwa tamu. Ilikwenda sawasawa, kavu, halafu mwishoni mwa kila mstari inapasuka kidogo, kama ya mtu anayejizuia asilie mbele za watu. Anselmo alilia palepale jikoni, na sufuria ya tambi ikaungua. Upande uliofuata, nao wa mwanamke, ulimkuta ameshashiba. Aliuona baridi, na akaukasirikia kwa kuthubutu kuja baada ya ule wa kwanza.

Ndipo akasoma karatasi ya kaseti. Upande wa A: Siesta Municipal. Upande wa B: Tía Delfina. Akaandika kwamba Siesta Municipal wana sauti aliyoingoja miaka kumi na tisa. Na kuhusu Tía Delfina akaandika, kwa ule ukatili wa mtu mwenye furaha: "Mwimbaji anaimba kama karani anayeita namba za foleni. Kama ana kazi ya mchana, aishikilie."

Aliipenda mno sentensi hiyo. Aliisoma kwa sauti mara mbili, peke yake, akacheka.

Mwezi wa tano akavunja sharti kwa mara ya kwanza maishani. Jumapili alasiri alikwenda kwenye stesheni ya zamani ya reli kuwaona Siesta Municipal. Watu walikuwa wamefurika, na wamefurika kwa sababu ya mistari yake mitatu. Jimena, mwimbaji wao, akafungua mdomo. Sauti ilikuwa nzuri, laini, haina kitu ndani. Alidhani sikio lake la mwisho nalo limekufa. Wimbo wa pili ulipoanza akautambua: ndio uliomchosha siku ile jikoni.

Alimfuata Jimena nyuma ya jukwaa. Binti hakujitetea sana.

"Tulijua siku ileile kwamba umegeuza pande, mzee. Tukakaa tukasema tukuandikie. Halafu watu wakaanza kutuita kila mahali." Akaangalia viatu vyake. "Hakuna mtu aliyewahi kutusifu. Hata kwa kukosea."

Anselmo alitaka kumtukana, akageuka akatoka. Alirudi nyumbani karibu mbio. Kwenye deki kuna mishale miwili ya taa, mmoja wa kila upande, na kila mwenye deki ya aina hiyo anajua kuutazama mshale kabla ya kubonyeza, kwa sababu mashine huanzia upande ilioishia jana. Yeye alijua hilo tangu ujana wake. Siku ile alifumba macho, kwa sababu ya yale masharti yake matukufu, na deki ikaanza na upande wa B. Aliketi sakafuni, akajichukia kabisa.

Alipouliza habari za Tía Delfina aliambiwa ni mtu mmoja tu, Rocío Baigorria, na kwamba hayupo tena kwenye muziki. Gitaa alimpa mpwa wake wa mji wa Olavarría. Kaseti zilizobaki alizitupa. Anauza mikate Mtaa wa 66.

Jumanne Anselmo alikwenda, kaseti mfukoni na kicheza kaseti kidogo cha mkononi. Duka lilijaa. Akachomoa namba kwenye kile kidude chekundu cha mlangoni kama kila mteja: sitini na moja. Mwanamume mmoja mnene ndiye aliyekuwa akiita namba. Zamu ya Anselmo ilipofika aliomba kuonana na Rocío, akaonyeshwa mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyekuwa akipanga medialuna, vile vimkate vya umbo la mwezi mwandamo, kwenye trei mwisho wa kaunta.

Alimweleza yote: deki, mshale, pande mbili. Rocío aliendelea kupanga mikate mpaka trei ikajaa.

"Mimi nilidhani ulikuja hapa," alisema. "Nilidhani ulisimama kwenye foleni hiyo ukanisikia naita namba, ukaenda kuandika. Nikasema, mzee kaniona vilivyo."

"Sijawahi kufika hapa. Karani ni mimi, dada. Niliandika kazi yangu mwenyewe."

Akamsihi. Atachapisha ukurasa mzima, atakiri kosa, amsikilize tu. Akamvisha spika za masikioni, akabonyeza, safari hii akiwa ameutazama upande mara tatu. Rocío alisikiliza wimbo mmoja hadi mwisho, uso haukubadilika. Kisha akazivua, akamrudishia taratibu.

"Ni kweli," alisema. "Naita namba."

"Si kweli! Maneno yale niliyaandikia upande wa wenzako!"

"Labda kwao yalikuwa uongo. Mimi nikifungua mdomo hata nyumbani, nakusikia wewe. Kwenye karatasi utafuta, mzee. Kwangu utafutia wapi?" Akachukua mfuko wa karatasi. "Nikufungie mikate gani?"

Anselmo akasogea kando na kaseti yake. Yule mnene alikuwa ameingia ndani kutoa trei nyingine jikoni, na foleni ikaanza kunung'unika. Rocío akaweka mfuko chini, akawageukia watu.

"Sitini na mbili."

Kavu, sawasawa, na mwishoni ikapasuka kidogo. Bibi mmoja akainua karatasi yake, akaomba medialuna sita, zisiwe zilizoungua.

"Sitini na tatu."

Anselmo alisimama, sikio la kushoto limeelekea kaunta, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Hakuna aliyemtazama. Baadaye akarudi mlangoni, akachomoa namba nyingine, akapanga mstari nyuma ya watu kumi na wanne, kungoja aitwe.